Si Braille, ni Haüy

Maalim, umeuliza kama Louis Braille ndiye aliyefungua skuli ya mwanzo ya watoto wasioona. Siye. Ni Valentin Haüy, Mfaransa; mwanafunzi wake wa mwanzo alikuwa kijana ombaomba, na skuli ikafunguliwa Paris 1785. Haüy alichapa herufi za kawaida zilizoinuka karatasini, zisomwe kwa vidole. Kusoma kuliwezekana, ingawa polepole. Kuandika ndiyo ilikuwa shida. Braille aliingia skuli hiyohiyo 1819 akiwa na miaka 10, baadaye akatunga maandishi ya nukta sita zilizoinuka, ya kusomwa kwa vidole. Nukta nundu wanazosoma vijana wetu Unguja na Pemba ni hizo. Hata msahafu wa nukta nundu, ajabu yake, husomwa kutoka kushoto, si kulia kama Kiarabu cha kawaida.