Kupangiwa zamu ya kuhudumu ibadani bila kusomea theolojia

Bwana Yesu asifiwe, dada. Unaogopa kwa sababu mchungaji amekupangia zamu ya kusaidia ibada na wewe hujakaa chuo cha theolojia. Hata wasiwasi wa mama mkwe wako kwamba "kazi ya madhabahuni ni ya wachungaji" una jibu: Ungamo la Augsburg la 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 14, linataka anayefundisha hadharani na kutoa sakramenti awe ameitwa kwa utaratibu. Kusoma masomo ya Biblia, kuongoza sala na kutoa matangazo ni jambo jingine, na wazee wa kanisa wanafanya hayo kila Jumapili katika sharika za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania). Kubariki meza ya Bwana mwachie mchungaji.

Kinachoangusha wengi ni somo. Chukua Matendo 2, siku ya Pentekoste: "Waparthi na Wamedi na Waelami", halafu Kapadokia, Ponto, Frigia na Pamfilia. Ukikutana na hayo kwa mara ya kwanza mbele ya watu, utakwama. Lisome nyumbani kwa sauti tangu Alhamisi, uweke alama ya penseli pa kuvuta pumzi. Ukikosea jina, songa mbele. Usiombe radhi kwenye maikrofoni.

Sala ya kanisa iandike. Wagonjwa wataje kwa ruhusa yao, na ugonjwa wenyewe usiutaje kabisa (hapa ndipo umbea wa usharika huanzia, tuseme ukweli).

Mavazi, muulize mchungaji wako. Kila usharika una desturi yake.