Barabara Pana Ndiyo Inayovunja Watu: Kwa Mnaoanza Baiskeli za Milimani

Wadogo zangu, nimenyamaza vya kutosha, sasa tusemezane. Kila wikendi nawaona mkifika kwenye njia nyembamba ya mizizi na mawe. Mnashuka, mnaikagua, mnapeana zamu kwa adabu, mnapita polepole na mnatoka wazima. Nafurahi kweli. Halafu mnatokeza kwenye barabara ya kuzuia moto, pana kiasi cha lori la zimamoto kupita bila kugusa majani, na wote kwa pamoja mnaachia breki. Haupiti muda tunatafuta bandeji.

Najua kinachowadanganya. Macho yakiona mita nne za barabara mbele, mwili unaamini hatari imekwisha. Njia nyembamba hukupunguza mwendo yenyewe, utake usitake. Barabara ya moto haina msaada huo. Kila kitu imekuachia wewe. Tena haikuchongwa kwa ajili ya tairi lako. Katapila lilikwangua udongo laini likaacha sakafu ngumu, juu yake changarawe inabingirika, mvua ikachimba makorongo, malori yakapanga vituta vidogo vidogo kwenye kila mahali pa kufungia breki. Humo ndimo mnamoteremka kwa kilomita 40 kwa saa huku mkipiga soga.

Na msiniambie mabingwa wa zamani walifanya hivyohivyo. Ni kweli mchezo huu ulikulia kwenye barabara ya namna hiyo: tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na Fairfax, California, vijana walianza kushindana kuteremka barabara ya moto ya Cascade Canyon kwa mabaiskeli mazito ya zamani. Inashuka karibu mita 400 ndani ya kilomita zisizofika 3 na nusu. Breki zao zilikuwa zile za kukanyaga pedali kinyumenyume, na grisi ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliungua hadi ikatoa moshi. Mteremko mmoja ukiisha, habu inafunguliwa na kujazwa grisi upya, na ndiyo kazi iliyoyapa mashindano jina la Repack, yaani "kujaza upya" kwa Kiingereza. Gary Fisher, mmoja wa vijana hao, aliimaliza kwa dakika 4 na sekunde 22, Joe Breeze sekunde mbili nyuma yake. Mnayapenda majina hayo, hata mimi nayapenda. Lakini waliteremka mmoja mmoja, kwa kupishana muda, kila mtu akishindana na saa. Hawakuwa kundi zima ubavu kwa ubavu kwenye kona ambayo hakuna anayejua nyuma yake kuna nini.

Basi twende kwa namba, maana mmeniomba mara nyingi niwape orodha.

1. Upepo wa tairi. Punguzeni. Mtu wa kilo 70 hivi, tairi isiyo na tyubu ya inchi 2.3 au 2.4, wengi huishia kati ya psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 22 na 28, nyuma ikizidi mbele kidogo. Nunua geji, acha kubonyeza kwa kidole gumba. Na ile dawa ya kuziba matundu hukauka ndani ya miezi michache, kwa hiyo itikise tairi usikie kama bado kuna maji.

2. Breki. Kidole kimoja kila upande, vingine vyote vishike usukani. Pedi mpya na diski mpya zizoeshwe kwanza kwenye tambarare, kwa kubana na kuachia mara nyingi kutoka mwendo wa wastani, kabla hujazipeleka mlimani. Kwenye mteremko mrefu usizibane nusunusu kutoka juu hadi chini. Bana kwa nguvu, punguza mwendo, achia zipoe, rudia. Ukisikia harufu ya kuungua, simama. Na mafuta ya mnyororo yasinyunyizwe karibu na diski, jamani! Nimeshamkuta kijana akipuliza mafuta ya kopo juu ya gurudumu zima ili baiskeli ing'ae. Iling'aa. Pedi zikawa za kutupa, na siku hiyo aliteremka kwa miguu, baiskeli begani, nami nikitembea naye kwa sababu sikuwa na moyo wa kumwacha peke yake.

3. Kona. Hapa nitakaa, kwa sababu jambo hili lilinigharimu, na lilimgharimu mtu mwingine asiye na kosa lolote.

Ilikuwa kiangazi, barabara kavu, na niliijua. Hilo la kuijua ndilo lililonipoteza. Kuna kona inayozunguka bega la mlima, vichaka vimejaa upande wa ndani, huoni mbele mpaka uwe umeshaingia. Upande wa nje ulikuwa na changarawe nyingi; upande wa ndani malori yalikuwa yameisukuma pembeni, pamebaki msitari safi wa udongo mgumu. Nilikuwa nimezoea kukatia pale ndani. Mwendo nauita kilomita 40 kwa saa, huenda ulizidi. Baiskeli nimeilaza, goti limetoka, najisikia hodari.

Nyuma ya kichaka palikuwa na mzee na mjukuu wake wakipanda kwa miguu, kwenye msitari uleule safi, maana hata mguu hupenda palipo safi. Nilibana breki zote mbili kwa vidole vyote. Gurudumu la mbele likaponyoka papo hapo. Mimi niliangukia bega, mtulinga ukakatika, nikausikia. Baiskeli haikusimama nami. Iliendelea kuteleza kwa ubavu, na pedali ikampata mzee kwenye ugoko. Mnazijua pini za pedali zetu, zile skrubu fupi tunazozisifia kwa kushika soli. Zilichana suruali na nyama pamoja, mistari mitatu iliyokwenda sambamba, na damu ikawa inashuka ndani ya kiatu. Mtoto alikuwa amesimama ukingoni, kofia mkononi, hasemi. Mzee akainama kwangu akaniuliza, "Umeumia, mwanangu?"

Mtulinga wangu ulipona. Mguu wake ulishonwa, akatembelea fimbo kwa muda mrefu. Nilipokwenda kumwona nyumbani alinipokea vizuri, akaniuliza swali moja tu: hivi nilikuwa nawahi nini? Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata.

Sasa sikilizeni la kwanza, kwa sababu hesabu yake si ngumu. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kila sekunde. Ukishtuka kwa sekunde moja tu, mita 10 zimekwisha kabla kidole hakijagusa breki. Baada ya hapo, mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kubana breki unakuwa mara nne. Na kwenye changarawe, tena mteremkoni, umbali huo unarefuka zaidi. Mimi niliona mbele labda mita 15. Hakuna breki duniani ambayo ingeniokoa, kwa hiyo msiniambie tatizo lilikuwa breki za zamani. Kanuni ninayoifuata tangu siku ile: niweze kusimama ndani ya nusu ya umbali ninaouona, kwa sababu nusu nyingine huenda ni ya mwendesha baiskeli anayekuja kwa kasi kama yangu. Nisipoona, sikimbii.

La pili: mshiko wa tairi ni kama pesa ya mfukoni, ukishaitumia yote kukata kona, ya kufungia breki haibaki. Ndiyo maana mwendo unapunguzwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima. Ukishaingia, achia, tazama unakotokea, mguu wa nje uwe chini ukikandamiza pedali, laza baiskeli, mwili wako ubaki juu yake. Ukijikuta umekosea na uko ndani tayari, inyanyue baiskeli iwe wima kwanza, kisha bana.

La tatu: baki upande wako wa barabara hata kama upande huo ni mbaya. Msitari safi wa ndani ni wa wote. Piga kengele au piga kelele kabla ya kona. Mtembea kwa miguu anapishwa, farasi anapishwa, tena kwa farasi unasimama kabisa na kusema neno ili ajue wewe ni mtu. Anayepanda naye anapishwa na anayeteremka. Nimechoka kuwaona mkiwapigia kengele watembea kwa miguu ili wao ndio waruke pembeni.

4. Makorongo. Ukiliona linakuja, amua mapema: unaingia au huingii. Ukiingia, baki humo, macho mwisho wake, usitazame kuta. Kosa ni kutaka kutoka taratibu kwa mshazari. Tairi la mbele linagusa ukingo, linakwama humo, wewe unaendelea na safari. Kama lazima utoke, nyanyua gurudumu la mbele kabisa, au simama. Yale matuta ya kuchepushia maji yanayokatiza barabara, yakabili moja kwa moja, usiyakate kwa pembeni, hasa yakiwa ya gogo na yamelowa.

Katika kundi letu kuna binti aliyekuwa akishuka kila kona mpya na kuitembea kwa miguu, kwenda na kurudi, akisukuma changarawe kwa ncha ya kiatu aone chini kuna nini. Wavulana walimcheka sana. Sasa akiwa mbele wote wanamfuata, tairi juu ya alama ya tairi lake, na akibadilisha msitari nao wanabadilisha bila kuuliza. Sijawahi kumsifia mbele yenu, basi leo namsifia.

5. Kupanda. Gia nyepesi iingie kabla mlima haujakukamata. Kaa kitini, sogea ncha ya mbele ya kiti, kifua kishuke, viwiko chini. Ukisimama kwenye changarawe, gurudumu la nyuma linazunguka bure. Ukibadilisha gia huku umekanyaga kwa nguvu zote, siku moja mnyororo utakatika, na hapo utajua kwamba kiungo cha akiba cha mnyororo wa gia 10 hakiingii kwenye mnyororo wa gia 12. Beba cha kwako. Beba na kishikio cha direla (kile chombo cha nyuma kinachohamisha mnyororo toka gia hadi gia) cha baiskeli yako, kwa sababu karibu kila muundo una cha kwake na hakuna mwenzako atakayekuwa nacho mfukoni.

6. Mageti. Barabara nyingi za moto zinaishia kwenye geti, bomba la chuma au mnyororo uliofungwa toka nguzo hadi nguzo. Mnyororo wenye kutu, kwenye kivuli cha jioni, una rangi ya udongo. Huwezi kuuona kwa kasi hiyo. Juu ya mlima, kabla hatujaachia, swali la kwanza liwe: geti liko wapi, na liko wazi au limefungwa? Lililokuwa wazi asubuhi linaweza kufungwa mchana. Walinzi wa msitu wana kazi zao na hawatupigii simu.

7. Vumbi. Usipomwona aliye mbele yako, naye wa nyuma hakuoni. Acha nafasi mpaka vumbi litulie. Kundi halipotei, mtakutana kwenye njia panda, na kwenye kila njia panda watu wanasubiriana hadi afike wa mwisho. Wa mwisho akifika apumzike naye! Tabia ya kungoja mtu afike akihema, halafu mnaondoka palepale kwa sababu ninyi mmeshapumzika, naichukia kuliko kitu chochote katika mchezo huu. Wengi wameacha baiskeli kwa sababu hiyo, na hawakuwa dhaifu, walikuwa hawajapewa dakika tano.

8. Mikono. Kwenye vile vituta vilivyofuatana mnakamata usukani kwa hofu, mwisho vidole vinakufa ganzi na hamuwezi kubana breki pale mnapozihitaji. Legezeni. Pedali ziwe sawa usawa wa ardhi, visigino vishuke, magoti na viwiko vikunjwe, kiti kishushwe, baiskeli iruke chini yenu. Mchangani vivyo hivyo: uzito nyuma kidogo, endelea kukanyaga, breki ya mbele usiiguse, na usukani ukitaka kucheza uache ucheze kidogo.

9. Baada ya mvua. Njia nyembamba za udongo ziacheni zikauke. Alama ya tairi mnayoiacha leo kwenye tope itakuwa mfereji mvua ijayo, na msimu ujao itakuwa korongo litakalomwangusha mgeni mwingine, na wanaoshika majembe kuitengeneza ni watu walewale wachache. Tairi likizama kina cha kidole, geuza. Siku kama hizo nendeni kwenye barabara ya moto yenye sakafu ya mawe, hukauka mapema, mkajifunze kona mojamoja: mmoja asimame mahali anapoona pande zote mbili, ainue mkono njia ikiwa nyeupe, ndipo mwingine aachie.