Mkuki wa Ncha Tatu Mikononi mwa Miungu: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Barua nyingi za safari hii zinahusu kitu kimoja: ule mkuki wa ncha tatu unaoonekana mkononi mwa Poseidon wa Wagiriki, Neptune wa Warumi na Shiva wa Wahindu. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa nini mungu wa bahari apewe mkuki wa ncha tatu, si upanga wala mkuki wa kawaida? Nimewahi kuambiwa kwamba asili yake ni radi. *Mwanafunzi wa historia*

JIBU: Asili yake iliyo karibu zaidi ni uvuvi, na Wagiriki wenyewe walilijua hilo. Katika tamthilia ya Aeschylus kuhusu mashujaa saba walioishambulia Thebes, iliyochezwa mwaka 467 KK, kwaya ya wanawake wenye hofu inamwomba Poseidon na kuitaja silaha yake kuwa ni chombo cha kuchomea samaki.

Ncha ni tatu kwa sababu ya maji. Ukimtazama samaki kutoka juu moja kwa moja, naye yuko kwenye kina cha mita 1, macho yatakuonyesha yuko kwenye sentimita 75 hivi, kwani mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani. Ukimtazama kwa mshazari, kosa linazidi. Kwa hiyo mchomaji hulenga chini ya pale anapomwona samaki, na bado hukosea kidogo. Ncha moja haisamehi kosa hilo. Ncha tatu zilizopangwa upana wa kiganja husamehe. Vikulabu vilivyogeukia nyuma kwenye kila ncha humzuia samaki asichomoke anapojipinda. Ukiongeza ncha zikawa sita au saba, maji yanakuwa mazito kwenye kichwa cha mkuki, kasi inapungua, na nguvu ya mkono inagawanyika mno hata magamba hayatoboki.

Ama kuhusu radi, wazo hilo lina msingi wake. Adad, mungu wa tufani wa Mesopotamia, na miungu wenzake wa Syria na Anatolia, huchongwa wakiwa wameshika radi yenye matawi mawili au matatu, na anayeitazama haraka ataona mkuki wa Poseidon. Wako wataalamu waliosema mchongo huo ulisafiri hadi Ugiriki ukabadilika huko. Sisi hatushawishiki. Wagiriki walikuwa na radi yao tayari, ikiwa mkononi mwa Zeus, mfalme wa miungu yao, na waliichora kwa umbo jingine kabisa: fupi, imeshikwa katikati, ina miali pande zote mbili. Katika masimulizi yaliyokusanywa kwa jina la Apollodorus, Masaiklopi, yaani majitu yenye jicho moja, walitoa zawadi tatu tofauti: radi kwa Zeus, kofia kwa Hades, mungu wa kuzimu, mkuki wa ncha tatu kwa Poseidon. Waliosimulia hivyo hawakuviona vitu hivi kuwa kimoja.

SWALI: Je, Poseidon alimuua nani kwa mkuki huo? Ninaandaa somo na kila ninapotafuta naona mawimbi tu. *Mwalimu*

JIBU: Mwalimu, mawimbi hayo ndiyo jibu lenyewe. Kwa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, mkuki wa ncha tatu si silaha ya kumchoma adui. Ni chombo cha kupasua ardhi na kuvuruga maji. Katika Iliad, utenzi wake wa vita vya Troy, kitabu cha 12, Poseidon anaushika akiongoza kazi ya kung'oa misingi ya ukuta ambao Wagiriki waliujenga mbele ya Troy. Katika Odyssey, utenzi wake mwingine, kitabu cha 4, Ajax mwana wa Oileus anajigamba akiwa juu ya mwamba kwamba ameiponyoka bahari hata kama miungu hawakutaka. Poseidon anaupiga mwamba, kipande alichokalia kinakatika na kuporomoka naye. Tazameni: uliopigwa ni mwamba, si Ajax. Katika kitabu cha 5 anaukoroga mkuki baharini na kumwinulia Odysseus tufani akiwa kwenye chelezo.

Wasomaji wengi huupita mstari mmoja wa kitabu cha 14 cha Iliad. Hapo Poseidon anawaongoza Wagiriki vitani, uso kwa uso na Watroya, na alichoshika ni upanga mrefu unaomeremeta kama umeme. Mungu huyohuyo, alipoingia vita vya watu, alishika silaha ya vita. Somo lako unaweza kulijenga juu ya tofauti hiyo.

Wachoraji wa vyombo vya udongo wa baadaye hawakufuata mpaka huo. Wao humwonyesha akimchoma jitu Polybotes kwa mkuki, huku begani amebeba kipande cha kisiwa cha Kos, kipande kinachosemwa kuwa ndicho kisiwa cha Nisyros.

Kazi yake nyingine ni kutoa maji. Huko Lerna aliurusha kumfukuza satiri, kiumbe nusu mtu nusu mnyama, aliyekuwa akimsumbua msichana Amymone. Ukakwama mwambani, na ulipochomolewa zikabubujika chemchemi tatu. Kule Athens aliupiga mwamba wa Akropoli ili kudai mji uwe wake, pakatokea maji ya chumvi; mpinzani wake, mungu wa kike Athena, akaotesha mzeituni, akashinda. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anaandika kwamba ndani ya hekalu la Erechtheion palikuwa na kisima cha maji ya bahari kilichotoa mvumo wa mawimbi upepo wa kusini ulipovuma, na alama ya ncha tatu kwenye mwamba.

Hekalu hilo bado lipo. Wageni hukusanyika upande wa kusini kupiga picha nguzo zenye umbo la wanawake, kisha huondoka. Alama ziko upande wa pili, kwenye ukumbi wa kaskazini: sakafu imeachwa tundu ili mwamba wenye mashimo uonekane, na dari iliyo juu yake imeachwa uwazi kwa makusudi. Mahali palipopigwa na mungu hapakutakiwa kuezekwa. Wapo wanaosema mashimo hayo ni ya radi ya Zeus iliyomuua mfalme Erechtheus, na uwazi wa dari unawapa nguvu kidogo, maana radi hutoka juu.

SWALI: Kuna jeshi lolote lililopigana kweli kwa mkuki wa aina hii, au ni mambo ya picha tu? *Msomaji wa muda mrefu*

JIBU: Katika majeshi ya kale ya Ugiriki na Roma haukuwa silaha ya askari, na sababu ni za kiufundi. Mkuki wa ncha moja unakusanya nguvu yote mahali pamoja. Wa ncha tatu unaigawa. Ukiingia kwenye ngao ya mbao unakwama. Kichwa kina chuma kingi, kwa hiyo mbele ni kuzito na mkono unachoka mapema. Na kwenye safu zilizobanana, kichwa kipana hukwama katika mikuki ya wenzako.

Mahali ulipofaa ni kwenye uwanja wa michezo wa Roma, kuanzia karne ya 1 BK, mkononi mwa gladieta, yaani mpiganaji wa maonyesho, aliyeitwa retiario. Huyu aliingia bila kofia ya chuma na bila ngao. Alikuwa na wavu, mkuki wa ncha tatu, jambia, na kinga ya mkono wa kushoto iliyomalizikia kwa bamba la shaba begani, lenye ukingo uliochanua juu kukinga shingo na uso. Mabamba ya namna hii yamepatikana Pompeii, kila moja uzito wa kilo moja na ushei. Wavu ukishatupwa, umpate au umkose mpinzani, retiario aliushika mkuki kwa mikono miwili, bega la kushoto likitangulia, ndiyo maana kinga iko upande huo.

Mpinzani wake, sekuto, alivishwa makusudi kwa ajili ya pambano hilo. Kofia yake ilikuwa laini na ya mviringo, wavu usipate pa kunasa, na matundu ya macho yalikuwa madogo ili ncha ya mkuki isipenye. Matundu hayohayo yalimnyima hewa na kumpunguzia uwezo wa kuona. Hesabu ya retiario ilikuwa kukaa mbali, kumfanya akimbie huku na huko, na kungoja achoke. Haukuwa mchezo wa kuigiza: katika makaburi ya magladieta yaliyogunduliwa Efeso, Uturuki, mwaka 1993, lilikutwa fuvu lenye matundu ya ncha za mkuki wa aina hii.

Mashariki mambo yalikuwa tofauti. Jemadari Qi Jiguang wa China, aliyepambana na maharamia wa pwani katika karne ya 16, alipanga vikosi vya watu 12, na wawili kati yao walibeba mikuki ya ncha tatu. Walikaa nyuma ya wenye mikuki mirefu na kumkabili adui aliyepenya hadi karibu, wakiunasa upanga wake katikati ya ncha. Korea nayo iliueleza hatua kwa hatua katika kitabu cha mafunzo ya silaha cha mwaka 1790.

SWALI: Trishula ya Shiva ni mkuki uleule wa Poseidon uliohamia India? *Mpenzi wa dini za dunia*

JIBU: Hapana, na tunawasihi wasomaji wasiviunganishe kwa kuwa vinafanana umbo. Kazi zake ni tofauti. Trishula haipasui mwamba wala haitawali bahari. Wafuasi wa Shiva huzisoma ncha zake kwa njia zaidi ya moja: kuumba, kuhifadhi na kuangamiza, au sifa tatu za maumbile, yaani sattva (usafi), rajas (msukumo) na tamas (giza), au nguvu za kutaka, kujua na kutenda. Hakuna usomaji mmoja unaofuta mwingine. Mji wa Varanasi husemwa kuwa umekaa juu ya ncha ya trishula, na kwa hiyo haumezwi dunia inapoangamizwa.

Hata simulizi ya kutengenezwa kwake ni nyingine. Katika Vishnu Purana, kitabu kitakatifu cha Wahindu, fundi wa miungu Vishvakarman analiweka jua kwenye kerezo na kulipunguza mng'ao kwa sehemu moja ya nane, kwa sababu mke wa jua alishindwa kuuvumilia. Kutokana na vipande vilivyodondoka anatengeneza gurudumu la Vishnu, trishula ya Shiva na silaha nyingine.

Ushahidi mzuri wa zamani ni sarafu za dhahabu za mfalme Vima Kadphises wa Wakushan, watawala wa kale wa Asia ya Kati na kaskazini mwa India, za karne ya 1 hadi ya 2 BK, zenye mungu aliyeshika mkuki wa ncha tatu, nyuma yake ng'ombe dume. Ufundi wa sarafu hizo una mkono wa Kigiriki, lakini ng'ombe yule, kipando cha Shiva, anatuambia huyu ni nani.

Makosa mawili hujirudia. Watu huandika kwamba Shiva aliiangamiza miji mitatu ya Tripura kwa trishula. Alitumia mshale mmoja. Tena huandika kwamba mungu wa kike Durga alimuua shetani Mahishasura kwa trishula peke yake. Katika Devi Mahatmya, kitabu cha Wahindu cha kumsifu mungu huyo wa kike, Shiva anatoa mkuki kutoka katika mkuki wake mwenyewe na kumpa Durga. Naye anamkanyaga shetani huyo shingoni, anamchoma, kisha anamkata kichwa kwa upanga.

SWALI: Na uma wa Hades? Na wa Shetani? *Wasomaji wanne*

JIBU: Hades wa sanaa ya kale hushika fimbo ya enzi au pembe ya neema. Uma wa meno mawili ulienezwa na wachoraji wa Ulaya karne nyingi baadaye. Biblia haimpi Shetani uma wowote. Uma wa meno matatu unaotajwa humo, katika 1 Samweli 2:13, ni wa mtumishi wa kuhani, wa kuopolea nyama chunguni.

SWALI: Sanamu kubwa ya shaba iliyotolewa baharini Ugiriki, ni Poseidon au Zeus? *Mchongaji*

JIBU: Unaizungumzia ile ya rasi ya Artemision, iliyoopolewa mwaka 1926 na 1928. Ina urefu wa mita 2.09 na ni ya miaka ya 460 KK hivi. Mkono wa kushoto umenyooshwa mbele, wa kulia umerudishwa nyuma kurusha kitu ambacho hakipo tena. Sarafu za mji wa Poseidonia zinamwonyesha Poseidon kwa mkao huohuo, ndiyo maana ubishi haujaisha. Lakini wewe ni mchongaji: weka fimbo ndefu kwenye vidole hivyo uitazame sanamu kwa ubavu. Inaukata uso. Radi fupi haiugusi. Tunaegemea kwa Zeus.

SWALI: Tunaandaa mchezo wa kuigiza. Mkuki wetu wa Poseidon huvunjika shingoni kila tukifanya mazoezi. *Mtengeneza vifaa vya jukwaa*

JIBU: Huvunjika kwa sababu kichwa kimepigiliwa juu ya mti badala ya kuingizwa ndani yake. Chagua mti mnyoofu wa unene wa milimita 30 na urefu wa mita 1.6. Kata kichwa kwenye plaiwudi ya milimita 9: urefu wa ncha sentimita 35, upana wa sentimita 22 kutoka ncha ya pembeni hadi ya pembeni, na chini yake uache ulimi wa sentimita 15. Pasua mti kwa msumeno kwa kina hichohicho, ingiza ulimi kwa gundi ya mbao, piga bolti mbili nyembamba zilizopishana, zisiwe kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mti, la sivyo utapasuka. Mwisho zungushia kamba iliyolowa gundi. Ndiyo inayoubana mti usifunguke.

Ukiona mkuki unainamia mbele, usikate ncha. Ongeza uzito kwenye mwisho wa chini wa mti, gramu 200 hivi za vyuma vilivyofungwa vizuri, ujaribu tena. Iviringishe kila ncha na uifunike sponji ngumu kabla ya rangi. Vikulabu viwe kwenye ncha zote tatu, maana ni chombo cha samaki. Siku mtakapomwigiza Shiva tengenezeni kichwa kingine: ncha ya kati iwe kama jani, za pembeni zipinde nje kisha zirudi juu, bila vikulabu, na chini ya kichwa mfunge ngoma ndogo yenye kiuno chembamba.