Herufi A Sita Zenye Kovu Moja

SWALI: Mimi ni fundi wa mabango mjini Kisumu. Mteja anayefungua mkahawa karibu na ufuo wa Dunga ameniagiza kibao chenye maneno SAMAKI WA KUKAANGA, kwa herufi nene zilizobanwa na kuchakaa kama za matangazo ya zamani. Nimepata fonti ya aina hiyo, lakini kazi yangu bado inaonekana ya bandia. Kasoro iko wapi?

JIBU: Ndugu fundi, hesabu A zilizomo katika maneno hayo. Ni sita, na ukizitazama kwa karibu huenda ukakuta zote zina doa jeupe mahali palepale, kwa sababu kila ukibonyeza kitufe kilekile fonti hukupa umbo lilelile. Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi huishia kwa vokali, huianika kasoro hii bila huruma.

Herufi unazoziiga zilichongwa kwa mbao. Darius Wells wa New York alianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1827, kwa kuwa herufi kubwa za madini ya risasi zilikuwa nzito na ghali, na nyingine zilibanwa ili neno refu lienee kwenye karatasi bila kupunguzwa kimo. Vipande hivyo viligongwa na kukwaruzwa kwa miaka mingi, na palipobonyea wino haukushika. Mpiga chapa aliyehitaji A sita alipanga vipande sita, kila kimoja na kovu lake.

Jaribu kwanza vitufe vya herufi ndogo. Fonti nyingi za aina hii hazina herufi ndogo halisi, bali huweka hapo herufi kubwa ileile yenye mikwaruzo tofauti, hivyo ukiandika KUKAaNGA, zile A mbili zinazofuatana hazitakuwa pacha tena. Kisha geuza maneno yawe michoro, uchague baadhi ya A na kuzipindua kushoto kulia. Katika fonti nyingi za aina hii, A, I, O na U huwa na pande mbili zinazolingana, kwa hiyo katika vokali zetu tano ni E pekee inayokataa kupinduliwa. (Nimeupenda ukweli huu tangu nilipougundua, kwani unatufaa sana sisi tunaoandika Kiswahili.) Kwa njia hiyo matoleo mawili ya A yatakupa sura nne, na mbili zilizosalia utazibadilisha kwa mkono, kwa kuziba doa moja na kuchonga jingine.

Ikiwa utakata stika badala ya kuchapisha, futa vidoa vidogo kama punje za mchanga, maana vitakwama kwenye kisu au kubanduka, na mtu aliye barabarani hataviona hata kidogo. Bakiza makovu makubwa machache, chapisha A moja kwa ukubwa wake kamili, ibandike ukutani, kisha uitazame kutoka ng'ambo ya barabara kabla ya kukata kibao kizima.