Maswali ya Wasomaji: Poni Mweusi Anayegeuka Mweupe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Mwaka jana mume wangu alinunua kwa mfugaji mmoja wa mkoani Arusha mtoto wa poni, jike wa miezi sita, mweusi tii kuanzia masikioni hadi kwatoni, kwa nia ya kumkuza ili siku za sikukuu awapandishe watoto ufukweni. Hati ya mauziano imeandikwa "poni jike mweusi". Sasa amekaribia mwaka mmoja na nusu, na nywele nyeupe zimemzunguka macho kama miwani, zimeshuka hadi puani, na mbavuni weusi umeingiwa na rangi ya majivu. Anakula vizuri na hajikuni. Majirani wanaofuga punda wanasema ni ugonjwa wa ngozi, na shemeji yangu anashikilia kwamba tuliuziwa mnyama aliyepakwa piko. Mama yake, ambaye nimemwona kwenye picha tu, ni mweupe. Je, tumedanganywa, au mnyama anaumwa?
Mama wa Pongwe, Tanga

JIBU: Mama wa Pongwe, kwa dalili ulizozieleza, na hasa kwa kuwa mama yake ni mweupe, inaelekea sana kwamba poni wako hakupakwa kitu wala haumwi, bali amerithi tabia ya kugeuka mweupe kidogo kidogo, na mageuzi hayo ndiyo kwanza yameanza. Shemeji yako amefanya vyema kuwa na tahadhari, lakini nywele zilizopakwa piko hujifichua kwenye mashina zinapoota upya, tena kila mahali palipopakwa. Haziachi mwili mzima ukabaki mweusi huku weupe ukijitokeza kwanza kandokando ya macho. Kuanzia machoni na puani ndiyo dalili ambayo wafugaji wa farasi huitafuta kwa mtoto wa mzazi mweupe, na wenye jicho zuri huiona hata kabla hajaachishwa kunyonya.

Farasi walio wengi tunaowaita weupe hawakuzaliwa weupe. Farasi wa aina ya Lipizzaner, wanaochezeshwa katika shule mashuhuri ya upandaji farasi mjini Vienna, huzaliwa weusi au kahawia iliyokolea na kwa kawaida huwa weupe kabisa kati ya miaka sita na kumi. Wachache sana hubaki na rangi yao ya kuzaliwa, na shule hiyo ina desturi ya kuweka mmoja wa namna hiyo, kwa kuwa huhesabiwa kuwa wa bahati njema. Basi mtu akikuambia kwamba farasi mweupe hawezi kuzaa mtoto mweusi, mwambie asubiri miaka michache.

Kinachofanya hivyo ni kinasaba kimoja. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba farasi hawa wana kipande cha urithi kilichojirudia ndani ya kinasaba kiitwacho STX17. Marudio hayo huzichochea kupita kiasi seli zinazotengeneza rangi, na zile zilizomo kwenye mashina ya nywele huishiwa nguvu mapema, kwa hiyo kila nywele inayodondoka hufuatwa na nyingine iliyopungukiwa rangi, mpaka ifike zamu ya ile isiyo na rangi kabisa. Seli za ngozi hazichoki, na ndiyo sababu ukimlowesha farasi wa namna hii, hata awe mweupe kiasi gani, utaona ngozi nyeusi chini ya manyoya. Mwaka 2024 ilibainishwa zaidi kwamba kipande hicho kikiwapo mara mbili, kama ilivyoonekana kwa baadhi ya poni wa Connemara wa Ayalandi, mnyama hugeuka polepole sana na huenda asifikie weupe kamili. Kikiwapo mara tatu, hugeuka haraka. Wako, kwa kuwa mbavu zimeanza kuchanganyika akiwa na mwaka mmoja na nusu, haelekei kuwa miongoni mwa wanaokawia.

Kinasaba hiki hakirukii kizazi kwa siri. Mtoto hukipata kwa baba au mama ambaye mwenyewe amegeuka au anageuka, na mzazi mmoja akiwa nacho kutoka upande mmoja tu wa wazazi wake, nusu ya watoto wake kwa wastani watakirithi. Swali ambalo mnunuzi yeyote angepaswa kuuliza mbele ya mtoto mweusi ni rangi ya wazazi wote wawili, na hapo sioni kwamba muuzaji wenu aliwaficha, maana picha ya mama mlipewa. Ningeongeza jambo moja ambalo wazoefu hulitaja mara nyingi: mtoto wa farasi atakayekuwa mweusi maisha yake yote, aghalabu huzaliwa na rangi ya majivu au ya panya, na weusi humjia anapopukutisha manyoya ya utotoni, yapata miezi mitatu au minne. Mtoto anayezaliwa mweusi wa kung'aa, huku mmoja wa wazazi wake akiwa mweupe, ndiye wa kumtilia shaka.

Majirani zako wa punda nawaelewa. Punda wa kijivu wa Handeni na Kilindi, mwenye mstari wa mgongoni na mwingine unaokata mabegani, ni wa kijivu toka utotoni na hubaki hivyo. Rangi yake haina uhusiano na huu weupe wa farasi. Aliyelelewa na punda ana haki ya kushtuka akiona mnyama anabadilika rangi mwaka hadi mwaka. Ugonjwa hata hivyo una alama zake. Fangasi huacha viraka vilivyonyonyoka nywele, vyenye magamba. Ngozi yenyewe ikipoteza rangi na kuwa ya waridi kuzunguka macho au midomo, hilo ni jambo jingine, na daktari wa mifugo alitazame. Inua nywele hizo nyeupe kwa kidole: ikiwa ngozi chini yake ni nyeusi na laini, huna cha kuhofia.

Katika miaka ijayo mtegemee kupita hatua kadhaa. Atakuwa kijivu cha chuma, kisha huenda akapambwa kwa mabaka ya duara yaliyofifia katikati, hatua ambayo kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote na inasikitisha kwamba haidumu. Uso hutangulia kuwa mweupe. Singa za shingoni na mkiani zinaweza kubaki nyeusi kwa muda mrefu baada ya mwili kugeuka. Baadhi, wakishakuwa weupe, huota vidoadoa vyekundu au vya kahawia mwili mzima, na hivyo pia si ugonjwa.

Liko jambo moja la kiafya lisilopaswa kupuuzwa. Zile seli za rangi zinazochochewa kupita kiasi huweza kufanya vivimbe vyeusi vigumu, hasa chini ya mkia, kuzunguka njia ya haja kubwa, midomoni na nyuma ya taya. Farasi weupe wengi waliovuka miaka 15 huwa navyo. Vingi hukaa miaka bila kuleta madhara, lakini vingine hukua na kuenea ndani, kwa hiyo mzoeshe tangu sasa kuinuliwa mkia na kupapaswa, ili daktari akija apate kumkagua bila vita.

Kuhusu hati, ifanyieni marekebisho. Rangi peke yake haimtambulishi mnyama kama huyu, na miaka mitano baadaye hakuna atakayeamini kwamba ndiye "poni jike mweusi". Mwombeni daktari wa mifugo aandike kwamba alizaliwa mweusi na anageuka mweupe, kisha achore mahali ilipo mizunguko ya nywele kwenye paji la uso na shingoni, kwa kuwa hiyo haibadiliki hadi kufa. Kama ana baka la kuzaliwa usoni au soksi nyeupe mguuni, nalo liandikwe, maana baadaye litaonekana tu anapolowa, kwa ngozi yake ya waridi.

SWALI: Farasi wangu mzima, ambaye wazazi wake wote ni weusi, amekuwa mwekundu mgongoni kama kutu tangu tumlete Pangani. Naye anageuka?
Msomaji, Pangani

JIBU: Hapana. Mzazi mweupe hayupo, na wekundu si weupe. Huyo amechomwa na jua, na jasho lenye chumvi likikauka mgongoni huzidisha. Mpeni kivuli saa za mchana, msuuzeni kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila anapotoka kazini au baharini, nanyi mtauona weusi ukirudi manyoya mapya yatakapoota. Kama anakaa kivulini na bado anapauka, yawezekana chakula kina upungufu wa madini ya shaba. Lakini ikiwa pia anakonda na kupatwa na homa za mara kwa mara, apimwe damu kwanza, kwa kuwa upande wa Saadani kuna mbung'o, na nagana huharibu manyoya pamoja na mengine yote. Madini ya shaba yatolewe kwa kipimo cha daktari, na yasiwekwe mahali ambapo kondoo wanaweza kuyafikia, kwa sababu kiasi kinachomfaa farasi huweza kumuua kondoo.