Studio hazijaishiwa hadithi: hesabu inayozaa sehemu ya pili, ya tatu na marudio

Mkuu, umeuliza kwa nini kila ukifungua orodha ya filamu mpya za Hollywood unakutana na sehemu ya tatu, sehemu ya saba au filamu ya zamani iliyotengenezwa upya, na kama ni kweli waandishi wameishiwa. Hawajaishiwa. Skripti mpya nzuri zinalala makabatini kila mwaka. Kinachozikwamisha ni hesabu, na ukishaielewa utajua hasira yako uielekeze wapi.

Ukubwa wa tatizo kwanza. Mwaka 2024, kati ya filamu 10 zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani, 9 zilikuwa mwendelezo au kisa cha nyuma cha filamu iliyokwisha kutoka. Iliyobaki, Wicked, imetokana na mchezo wa jukwaani unaojaza watu tangu 2003. Hakuna hata moja iliyoanza na karatasi tupu.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua filamu iliyogharimu dola milioni 200 kuitengeneza. Kuitangaza dunia nzima weka milioni 120 nyingine. Kwa filamu za ukubwa huo, matangazo kuvuka milioni 100 ni jambo la kawaida. Hapo zimeshatoka milioni 320 na hakuna aliyekata tiketi. Tuseme imeingiza milioni 500. Vichwa vya habari vitaisifia, ila hizo ni fedha za mlangoni, na wenye majumba ya sinema wana chao humo. Ndani ya Marekani studio hubaki na nusu au zaidi kidogo. Nchi nyingine nyingi, kadiria asilimia 40. China, kwa makubaliano ya 2012 juu ya filamu za kigeni za kugawana mapato, ni asilimia 25. Kwa hiyo milioni 200 za Marekani zinaleta kama 105, milioni 240 za nchi nyingine zinaleta 96, milioni 60 za China zinaleta 15. Jumla 216. Pengo la milioni 104 linabaki, na litazibwa polepole na fedha za kukodisha mtandaoni, televisheni na majukwaa ya kutazamia nyumbani. Ndiyo maana watu wa biashara hii hukadiria kwamba filamu irudishe mlangoni mara mbili hadi mbili na nusu ya bajeti yake ndipo ianze kupumua.

Filamu ya kati ndiyo iliyoumia zaidi: drama ya watu wazima, vichekesho, mapenzi, kesi ya mahakamani. Ikigharimu milioni 30 na ikatangazwa kwa milioni 30, inahitaji kama milioni 120 za tiketi ili irudishe chake. Zamani haikuwa lazima ifike huko. Miezi michache baada ya kutoka sinemani ilikuwa inakuja DVD, na filamu iliyochechemea kwenye tiketi ilikuwa inaponea hapo. Mauzo ya DVD yalifika kileleni katikati ya miaka ya 2000, kisha yakaporomoka, na mlango ule wa pili ukafungwa. Mtu anayelalamika kwamba "siku hizi hawatengenezi filamu kama zile" mara nyingi anazungumzia filamu zilizolipiwa na DVD bila yeye kujua.

Jina la zamani linaingilia hapo. Kuitangaza filamu kuna kazi mbili: kumjulisha mtu kwamba ipo, kisha kumshawishi ailipie. Jina linalofahamika limeshamaliza kazi ya kwanza. Tazama Pixar, studio ya katuni: Juni 2024 Inside Out 2 ilifungua na dola milioni 154 Marekani kwa wikendi moja. Juni 2025, studio ileile ikatoa Elio, hadithi mpya, ikafungua na kama milioni 21, wikendi ya kwanza dhaifu kuliko zote katika historia ya Pixar. Namba hizo mbili zikiwekwa mezani pamoja, skripti mpya inayofuata inakosa mtetezi kikaoni.

Lakini hapohapo ndipo hoja ya studio inapovunjika. Inside Out ya kwanza, 2015, ilikuwa hadithi mpya kabisa. Kila jina linalovunwa leo liliwahi kuwa jina lisilojulikana ambalo mtu alilihatarishia fedha. Studio inayotoa miendelezo mitupu inakula mbegu zake.

Kuna sababu ya pili ambayo watazamaji wengi hawaijui: mikataba. Baadhi ya filamu zinatoka kwa sababu haki za kumtumia mhusika ziko karibu kumponyoka mwenye nazo. Kwa masharti yaliyojulikana baada ya nyaraka za Sony kuvuja, studio hiyo ilitakiwa ianze kupiga filamu ya Spider-Man ndani ya miaka 3 na miezi 9 tangu iliyotangulia itoke, na kuitoa ndani ya miaka 5 na miezi 9, la sivyo haki zinarudi Marvel, kampuni yenye mhusika huyo. Spider-Man 3 ilitoka Mei 2007. Hadithi ikaanzishwa upya toka mwanzo na staa mwingine Julai 2012. Piga hesabu ya miezi mwenyewe. Mfano mchungu zaidi ni Fantastic Four, mashujaa wengine wa Marvel. Kampuni ya Kijerumani, Constantin, ilitakiwa kuanza kupiga kabla ya 1992 kuisha. Ikamtafuta Roger Corman, bingwa wa filamu za bei nafuu, kazi ikafanyika kwa kama dola milioni moja, na filamu haikutolewa rasmi hata siku moja. Waigizaji na mafundi walijituma kwa moyo wote kwa kitu ambacho kazi yake halisi ilikuwa kushikilia haki. Hilo haliniingii akilini hadi leo, hata kama kisheria lilikuwa sahihi.

Sheria huweza pia kuzuia mwendelezo usitoke. Marekani, mwandishi aliyeuza haki zake kuanzia 1978 anaweza kuzidai tena baada ya miaka 35, mradi hakuwa mwajiriwa. Victor Miller, aliyeandika filamu ya kutisha Friday the 13th ya 1980, alishinda kesi hiyo kwenye mahakama ya rufaa mwaka 2021. Alichorudishiwa ni skripti ya kwanza, tena kwa Marekani tu. Jason, muuaji wa mfululizo huo, akiwa mtu mzima mwenye barakoa ya mpira wa magongo alikuja baadaye, barakoa yenyewe sehemu ya tatu, 1982, na hayo hayamo ndani ya skripti ile. Upande mmoja ukabaki na kisa cha chanzo, mwingine na sura ambayo kila mtu anaijua. Filamu ya mwisho ya mfululizo huo ni ya 2009.

Kwa nini basi miendelezo mingi inakuwa chapwa? Kosa kubwa ni tarehe kutangulia hadithi. Studio hutangaza siku ya kutoka miaka miwili au mitatu kabla, na kampuni za midoli na za matangazo zinasaini kwa tarehe hiyo. Baada ya hapo tarehe haisogei kirahisi, kwa hiyo kinachobanwa ni skripti. Inaandikwa upya huku seti zinajengwa. Kipande kikibadilishwa dakika za mwisho, kazi ya kompyuta iliyokwisha kufanyika inatupwa na mafundi wanaanza tena kwa wiki zilezile zilizobaki. Ukiona mandhari ya nyuma yametiwa ukungu na mwanga usoni hauendani na wa mazingira, mara nyingi unatazama uhaba wa muda, si uhaba wa ufundi. Au umbo la hadithi linageuzwa njiani: Moana 2 ilianza kama mfululizo wa Disney+, jukwaa la Disney la kutazamia nyumbani, ikatangazwa kuwa filamu ya sinema Februari 2024, ikatoka Novemba mwaka huohuo.

La pili ni gharama. Waigizaji wa filamu ya kwanza husainiwa kwa bei ya wasiojulikana. Kufika ya tatu wana nguvu mezani. Bajeti inapanda wakati shauku ya watazamaji inashuka. Indiana Jones ya 2023 iligharimu kama dola milioni 300 na ikaingiza kama 384 mlangoni. Pitisha namba hizo kwenye hesabu ya juu uone kilichotokea.

Sisemi marudio yote ni takataka. Yanayofaa hubadilisha kitu chenye uzito. The Fly ya 1958 inakuonyesha mtu aliyekwisha kupata kichwa cha nzi. Ile ya 1986 inamgeuza pole pole, kucha moja, jino moja, hadi kisa cha kutisha kinakuwa kisa cha mgonjwa na mpenzi wake anayemtazama akiisha. CODA, iliyoshinda Oscar ya filamu bora mwaka 2022, ni marudio ya filamu ya Kifaransa ya 2014. Kule wazazi viziwi walichezwa na waigizaji wanaosikia. Huku wakawekwa waigizaji viziwi kweli, na Troy Kotsur akaondoka na Oscar yake. Psycho ya 1998 ilifanya kinyume chake, ikanakili karibu kila picha ya filamu ya 1960. Iligharimu dola milioni 60 na ikaingiza kama 37.

Kabla ya kukata tiketi ya mwendelezo, soma majina ya waandishi. Kwenye filamu za Marekani alama ya "&" kati ya majina inamaanisha waliandika pamoja; neno "and" linamaanisha mmoja aliandika, mwingine akaja kuandika upya. Ukikuta "and" mbili tatu, jua skripti ilipita mikono mingi. Angalia pia kama mwongozaji alibadilishwa njiani, na kama trela ina tukio jipya hata moja au imejaa muziki na misemo ya filamu ya zamani.

Na hadithi mpya ikikuvutia, usiiwekee "nitaiona baadaye". Wikendi ya kwanza, ikijumlisha maonyesho ya Alhamisi usiku, ndiyo inayoamua ibaki kwenye skrini ngapi. Ya pili inaonyesha kama watu wanaisifia: filamu kubwa kushuka asilimia 50 hadi 60 si ajabu. Sinners ya Ryan Coogler, hadithi mpya ya 2025, ilishuka kama asilimia 5 tu. Coogler alikuwa amekubaliana na studio kwamba haki za filamu zimrudie baada ya miaka 25, na mafanikio yale yanawapa waongozaji wengine mfano wa kuonyesha wanapodai vivyo hivyo.

Nyumbani nako muda una uzito. Netflix huipanga orodha yake ya filamu zilizotazamwa zaidi kwa siku 91 za kwanza: saa zote zilizotazamwa zinagawanywa kwa urefu wa filamu. Ukiifungua dakika 20 ukaiacha, inahesabiwa dakika 20 tu. Ukiimaliza miezi mitano baada ya kutoka, kwenye orodha hiyo haimo.