Dawa ya presha na sumu ya nyoka

Umeuliza kuhusu uvumi kwamba dawa za presha anazomeza mama yako zina sumu ya nyoka. Ni kweli kwamba kaptoprili, dawa ya kushusha presha, ilizaliwa na utafiti wa sumu ya nyoka, ila ndani ya tembe hamna sumu hata chembe. Nyoka mwenyewe ni jararaka wa Brazili. Sumu yake huweza kushusha presha ghafla, kwa sababu inazuia kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya kubana mishipa ya damu. Watafiti wa Marekani waliiga kazi hiyo kwa kemikali waliyoiunda wenyewe maabarani, ikaidhinishwa huko 1981. Nauza dawa hapa Ngara: kati ya dawa nyingine za presha, enalaprili ni ya ukoo huohuo, amlodipini siyo. Tafadhali mama asiache kumeza dawa zake kwa uvumi huu, aongee na daktari kwanza.